Ngoja Nikaage

Watu wa Mkuyuni walimwita Bibi Kamongo, na Leonsia alishachoka kulikasirikia jina hilo. Isitoshe, alilipata kwa haki. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kituo kimoja cha televisheni hapa Mwanza, ambacho jengo lake leo ni duka la magodoro, kilikuwa na kipindi cha watoto kilichoitwa Darasa la Kamongo. Kamongo, yule samaki wa matopeni, alikuwa mdoli wa soksi ya kijivu, mdomo wa kitambaa chekundu cha kanga, macho vifungo vya koti. Mkono uliokuwa ndani ya soksi ni wa Leonsia, na ile sauti nyembamba ya puani, iliyofanya watoto wa jiji zima waache uji upoe, ilikuwa yake pia.

Kamongo alifundisha kuhesabu, kunawa mikono, kuchemsha maji ya ziwa. Ule wimbo wa kunawa mikono uliimbwa mpaka harusini, ukitaka amini, usipotaka acha. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja ulioonyeshwa Jumamosi moja tu, basi. Hata watoto wa enzi hizo, ambao sasa wana vitambi na watoto wao, ukiwauliza watakukodolea macho. Ulikuwa hivi:

Nitume baba, nitume mama,
miguu yangu myepesi;
ila ngoja nikaage
nyumbani, narudi upesi.

Na ukisema umeniagia,
nitakujibu polepole:
kuaga hakuagiwi,
naenda mwenyewe kule.

Una ubaya gani huo? Subiri. Simu zilianza kulia kituoni kabla kipindi hakijaisha. Huku kwetu mtoto ni wa wote. Mtu mzima yeyote anaweza kumtuma mtoto yeyote, dukani, bombani, kwa fundi cherehani, na mtoto mwenye adabu haulizi maswali. Sasa huyo samaki wenu anamfundisha mwanangu kumwambia mkubwa "ngoja"? Mkubwa angoje! Baba mmoja alisema akimsikia mwanawe anaimba upuuzi ule atavunja televisheni. Bosi wa kituo akaamua wimbo usirudi tena hewani, na mkanda ukapotelea huko mikanda inakopotelea. Leonsia aliwaambia wote palepale kwamba iko siku watautafuta kwa tochi. Walicheka, wakaenda kunywa chai.

Sasa Leonsia alikuwa bibi mwenye nyumba yake, geti la mabati na magoti yanayolalamika kila mvua ikikaribia. Alikaa na mjukuu wake Kija, mtoto wa darasa la pili, kwa kuwa mama yake Kija, Rachel, alikuwa muuguzi ng'ambo ya ziwa, Sengerema, na alivuka kuja kumwona mwanawe mwisho wa mwezi. Kija ndiye aliyekuwa pumzi ya Leonsia. Alimlea Kihaya, kwa macho makali na ndizi nyingi, na kila usiku kabla ya kulala alimhakiki kama mtu anayehakiki kufuli.

Rafiki wa Kija alikuwa Winnie, wa nyumba ya mbele yao. Mama yake, Dorcas, aliuza dagaa na nyanya soko la Mkuyuni, akitoka na giza na kurudi na giza. Winnie alikuwa akila kwa Leonsia, akifanya hesabu kwa Leonsia, na akipigwa kelele na Leonsia sawasawa na Kija. Hakuna aliyeona ajabu.

Ndipo akaja Mutayoba.

Alipanga chumba katika nyumba ileile aliyopanga Dorcas. Mtu wa makamo, msafi, kila siku shati jeupe limenyooka, sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Jumapili ya kwanza tu alionekana kanisani benchi la mbele. Alipojua Leonsia ni mtu wa Kagera alimsalimu Kihaya, akainama, akamwita mama. "Waitu, mama, huku ugenini sisi ni ndugu." Leonsia akaitikia. Lakini alipouliza ni wa kijiji gani, jamaa alitaja kimoja. Wiki iliyofuata akataja kingine. Mtu hasahau kijiji chake. Leonsia akalimeza hilo, likamkaa kooni kama mwiba wa sato.

Mtaa ulimpenda. Kwa nini usimpende? Alisema anafanya kazi na wafadhili fulani wa ng'ambo wanaogawa sare na viatu kwa watoto ambao wazazi wao wanahangaika. Jioni alikaa barazani kwake na kibunda cha nyuzi za katani. Mtoto mmoja mmoja alikanyaga sakafu, naye akainama, akanyoosha uzi kutoka kisigino hadi kidole gumba, akafunga fundo. Kisha uzi ule aliukunja taratibu na kuutia mfukoni. Kina mama walimwombea baraka. Leonsia alisimama getini kwake akimtazama anavyoishika miguu ya watoto wa watu.

"Kija, wewe una viatu," alisema. "Hupimwi."

"Kashanipima, bibi."

Leonsia alitaka kuvuka barabara akadai ule uzi. Atasema nini? Nirudishie mguu wa mjukuu wangu? Watu wangemcheka mpaka Krismasi. Akarudi ndani, akavuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda, na chini ya vitenge vya zamani akamkuta Kamongo. Soksi ilikuwa imeliwa na nondo shingoni, jicho moja limelegea, lakini mdomo ulifunguka vizuri tu. Babu zake walimwambia kamongo hulala kwenye tope lililokauka kiangazi kizima, ukadhani amekufa, mpaka mvua impate. Akaingiza mkono.

Kesho yake jioni watoto wa mtaa walijaa uani kwake. Kamongo alichomoza juu ya ndoo iliyofunikwa, akawasalimu kwa sauti ya puani, wakaanguka kwa vicheko. Akawafundisha wimbo. Ubeti wa kwanza waliushika mara moja. Walipofika kwenye "ila ngoja nikaage" waliinua kidole, kama Kamongo alivyoinua pezi. Leonsia alicheka na kusahau magoti. Alipoinua macho, alimwona Mutayoba amesimama nje ya geti, mikono nyuma, akisikiliza.

"Wimbo mzuri sana, mama," alisema. "Umeutunga wewe?"

"Zamani."

"Wa zamani ni wazuri. Nisamehe, hebu rudia ule ubeti wa pili. Sikuushika."

Leonsia hakurudia. Aliwaambia watoto giza linaingia, wakati jua lilikuwa bado liko juu ya mawe.

Haikupita wiki balaa likaja, na lilikuja kutoka upande ambao hakuutazamia. Mutayoba alimtuma Winnie dukani akamnunulie vocha, na Winnie, mtoto mtiifu kwa wimbo wake, akainua kidole akasema, "Ngoja nikaage." Dorcas alikuwapo, na majirani walikuwapo. Mutayoba alicheka kwa upole na kusema hakuna neno, watoto wa siku hizi. Kucheka kule ndiko kulikomchoma Dorcas. Alimchapa Winnie palepale, kisha akaja kwa Leonsia kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umefunga kibwebwe?"

"Bibi, nakuheshimu. Lakini mwanangu umemharibu. Yule baba wa watu anatuhangaikia viatu, mtoto anamjibu ngoja! Mimi niweke wapi uso? Watasema Dorcas hana mume ndiyo maana mtoto hana adabu."

"Viatu! Umeuza mtoto kwa viatu?"

Neno lilimtoka, na kama ujuavyo, neno likitoka halirudi. Dorcas alikaza fundo la kanga. Kisha akasema, "Winnie haimbi tena huo wimbo. Nikimsikia nitamchapa mpaka ausahau."

"Basi na hapa kwangu asikanyage!" Leonsia alifoka. Winnie alikuwa nyuma ya mama yake, macho mekundu. Leonsia alimnyooshea kidole mtoto mwenyewe, ndiyo, mtoto. "Umenisikia, Winnie? Usikanyage geti hili. Kaa kwenu na viatu vyenu."

Usiku hakulala vizuri. Alijua amekosea. Alijua pia kwamba asubuhi angeweza kuvuka zile hatua chache na kusema "mwanangu, tuyaache." Ila Leonsia kichwa chake kilikuwa kigumu kama mawe ya Mwanza, akasema acha Dorcas aanze. Na Dorcas naye akasema acha bibi aanze. Winnie akawa anacheza peke yake upande wa pili wa barabara, na raba nyekundu zenye taa kisigino alizopewa na Mutayoba, akiwatazama wenzake kupitia geti. Wakiimba, midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti.

Siku ya tukio ilikuwa siku ya kawaida, mchana, jua kali, watoto wametoka shule. Leonsia alikuwa anamenya ndizi. Kija aliingia mbio, begi mgongoni, jasho limemtoka.

"Bibi, shikamoo. Nimekuja kuaga."

"Marahaba. Kuaga kwenda wapi?"

"Kamanga, ng'ambo kwa mama. Baba Mutayoba anatupeleka kwenye kivuko mimi na Winnie, tukachukue viatu vya shule. Kasema tutamwona na mama."

Kisu kilisimama mkononi mwa Leonsia.

"Alisema ameshatuagia," Kija akaendelea, akijivuna kidogo. "Mimi nikamwambia kuaga hakuagiwi. Akacheka. Akasema haya, kimbia kaage, ila ukichelewa tunakuacha."

"Winnie yuko wapi?"

"Kaenda naye. Mama yake yuko sokoni. Nilimwambia twende wote tukaage kwako." Kija alitazama chini. "Akasema wewe ulimwambia asikanyage hapa."

Leonsia hakukumbuka baadaye kama alifunga mlango. Alimshika Kija mkono, akapanda naye bodaboda ya kwanza aliyoiona, akamwambia kijana kivukoni, cha Kamanga, na usiniulize bei. Njia nzima alikuwa anasema "Yesu wangu, Yesu wangu," na katikati ya Yesu wangu alikuwa anajitukana. Lile neno lake, usikanyage, lilikuwa linampiga kifuani kila bodaboda ilipogonga shimo. Alilitamka mwenyewe. Alimfungia mtoto mlango, na yule mtu akamchukua nje ya mlango huohuo.

Walipofika, kivuko kilikuwa kimeshaondoka. Kilionekana mbele kule kwenye maji, kizito, magari yamejipanga juu yake. Leonsia alimvamia mkata tiketi dirishani, kijana mmoja aitwaye Obedi.

"Mwanangu, kuna mtu mle ameiba mtoto. Mwanaume ana shati jeupe, mtoto wa kike sketi ya shule, raba nyekundu zenye taa kisigino. Piga simu ng'ambo wamzuie."

"Bibi, pole, tulia kwanza. Raba nyekundu nimeziona. Lakini mtoto alikuwa ameshikwa mkono, ametulia, anamwita baba. Nimzuie mtu na mwanawe kwa lipi?"

"Ametulia kwa sababu ana adabu!" Leonsia alipiga kelele, watu wote wakageuka. "Mtoto wa huku ukimwambia twende, anakwenda! Ulitaka apige ukunga ndiyo ujue kaibiwa? Piga simu!"

Obedi alimtazama yule bibi, ganda la ndizi bado limemganda kwenye kanga, akapiga simu. Kisha wakasubiri. Kija alikuwa amejibana kwenye kanga ya bibi yake. Ziwa lilikuwa shwari kabisa, na Leonsia alilichukia kwa ushwari ule. Kivuko kilikwenda kama hakina haja ya kufika.

Simu iliita. Obedi alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, halafu akafumba macho. "Mtoto kapatikana, bibi. Alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake."

"Na yeye?"

"Hakuna anayemjua. Wanasema lango lilipofunguliwa watu walitoka na pikipiki kwa mkupuo. Mtoto aliambiwa akae hapo asitikisike mpaka aitwe. Alikuwa bado anasubiri kuitwa."

Winnie alirudi na safari iliyofuata, ameshikwa mkono na mama mmoja wa kivukoni, raba zake zikiwaka taa kila hatua. Dorcas alikuwa ameshapigiwa simu na kufika kutoka sokoni, mikono inanuka dagaa, akamdaka mwanawe akalia mpaka sauti ikakauka. Leonsia alisimama pembeni. Alitaka kumshika Winnie kichwa tu. Dorcas hakumtazama.

Jioni mwenyekiti wa mtaa na polisi walivunja kufuli la chumba cha Mutayoba. Palikuwa na godoro, ndoo, na Biblia ambayo kurasa zake zilikuwa bado zimegandana kwa upya. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia nyuzi za katani zenye mafundo, fupi na fupi zaidi. Majirani walianza kuzigawa kwa macho, huu wa mwanangu, ule wa wako, mpaka majina yakawaishia. Nyuzi zilikuwa nyingi kuliko watoto wa mtaa mzima. Polisi walizitia kwenye mfuko wa rambo wakaondoka nazo. Jina la Mutayoba, walisema baadaye, halikuwa la mtu yeyote wanayemtafuta, na namba yake ya simu haikuwa ikipatikana.

Baada ya hapo ungetarajia Leonsia na Dorcas wapatane. Wapi! Aibu ni ngumu kuliko hasira. Dorcas aliona haya kuja kushukuru, kwa sababu kushukuru kungekuwa kukiri. Leonsia aliona haya kwenda kuomba radhi, kwa sababu kila akifika getini alikumbuka kidole chake kilivyomnyooshea mtoto. Walisalimiana kwa mbali, shikamoo, marahaba, kila mmoja akashika njia yake. Na Dorcas alirudi sokoni, maana dagaa hawajiuzi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Winnie kwamba lile katazo limekwisha.

Ilikuwa alasiri, mvua inanyemelea kutoka ziwani, Leonsia anaanua nguo. Kija alikuwa ndani anasoma. Leonsia alisikia sauti ndogo.

"Shikamoo, bibi."

Winnie alikuwa amesimama getini. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejipanga sawasawa kwenye mstari wa saruji ambapo geti hupita, havijavuka hata ukucha. Alikuwa peku. Zile raba nyekundu mama yake alizichoma moto.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kulikoni?"

"Nimekuja kuaga."

Nguo zilimponyoka Leonsia mkononi. "Unakwenda wapi?"

"Kuna mama mmoja yuko pale kona, ana gari. Kasema mama kaanguka sokoni, niende naye. Kasema ameshaniagia." Winnie aliinua kidole, polepole, kama mtu anayeogopa kuchapwa. "Nikamwambia kuaga hakuagiwi. Mama hayupo nyumbani. Nikaona nije kwako."

"Na yeye alisemaje?"

"Kasema sawa, niwahi. Ananisubiri."

Leonsia alitupa macho nje ya geti. Kona ile haikuwa mbali. Gari jeupe, vioo vyeusi, limepaki chini ya nguzo ya umeme, na moshi mwembamba unatoka nyuma.

"Ingia ndani, Winnie."

"Uliniambia nisikanyage."

Leonsia alifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya puani, ya soksi ya kijivu. "Kanyaga, mwanangu. Bibi alikuwa mjinga. Kanyaga uingie."

Winnie alivuka mstari. Leonsia alimvuta kifuani, akasukuma geti, akatia komeo. Akamsikia Kija nyuma yake anauliza kuna nini. Alipiga mwano, lile yowe refu la Wasukuma la kuita watu kwenye hatari, yeye Mhaya ambaye hajawahi kulipiga maishani mwake, na milango ya mtaa ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine. Wanaume walitoka na fimbo. Mtu alikuwa ameshatimua mbio kumwita Dorcas sokoni.

Kupitia upenyo wa geti aliliona gari likianza kuondoka. Halikukimbia. Liliwasha taa ya kukata kona, likageuka taratibu kwenye njia ya lami, na kabla halijapotea lilipiga honi mara moja, fupi, kama mtu anayeaga.